Ndoo ya Wifi

Mama Msasa alikuwa juu ya ngazi, akibandua kwa patasi kiraka alichokibandika mwenyewe kwenye bati la karakana. Lami ilikuwa imeshika vizuri. Kila kipande kilichong'oka kilitoka na kutu, na kutu ikamwingia machoni. Chini yake, Mkuu wa Shule ya Ubunifu aliishika ngazi kwa mkono mmoja. Kwa mwingine aliizuia tai yake isiguse vumbi.

"Toa chote, mama. Tundu lionekane."

"Likionekana, na mvua itaingia."

"Ndiyo tunayoitaka." Mkuu akacheka. "Wafadhili wanakuja kesho. Wakikuta paa zima watatupongeza, watakula keki, wataondoka."

Mkuu huyu aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Siku alipojikata kidole gumba kwenye meza ya karakana hii hii, ni Mama Msasa aliyevua kitambaa chake cha kichwa akamfunga, kisha akamkimbiza zahanati. Tangu hapo kijana alimwita mama, hata mbele za watu, na yeye hakuweza kuficha jinsi alivyofurahi.

"Na huu je?" Alionyesha kwa patasi msumeno mkubwa wa umeme, uliofungwa kwa bolti sakafuni, moja kwa moja chini ya tundu. "Niufunike turubai?"

"Wakiona turubai watasema tunajiweza. Weka ndoo juu yake."

"Ndoo ya hapa imepasuka."

"Lete ya nyumbani." Mkuu akashusha sauti. "Nisikilize, mama. Jengo jipya likisimama, karakana ya chini yote ni yako. Na ajira ya kudumu. Ukibarua basi. Nani mwingine nimpe? Si wewe uliyenifundisha kushika randa?"

Mama Msasa alikuwa mwalimu wa kibarua tangu kijana huyu hajaota ndevu. Akashuka ngazi akiwa mwepesi kuliko alivyopanda.

Chumba alimokaa kilikuwa cha wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na ndoo pia ilikuwa ya wifi: ya buluu, mpya, yenye mfuniko.

"Chuo kizima hakina ndoo?" wifi aliuliza. "Watu wamesoma mpaka wameota vipara, wanaazima ndoo kwangu!"

"Nitairudisha jioni, wifi."

"Usiporudisha nitaogea kwenye viganja vyako. Na mfuniko unabaki hapa, kama dhamana."

Kesho yake mvua ilinyesha kama iliyoagizwa. Wafadhili waliingia wakiwa na miavuli, wakasimama kuizunguka ndoo. Tone likaanguka. Wakatazamana. Lingine likaanguka, na bibi mmoja mwenye miwani ya dhahabu akaweka mkono kifuani.

"Huyu ndiye mama yetu," Mkuu alisema. "Anafundisha hivi hivi, maji yakimdondokea."

Mama Msasa alikuwa ameambiwa aseme neno moja tu. Akasema, "Tunavumilia." Bibi yule akatoa leso. Mpiga picha akamwomba Mama Msasa aiinamie ndoo kidogo, kama anayeitazama kwa mawazo, naye akainama.

Wafadhili wakatoa fedha, wakaleta wenzao. Kabla ya kila ugeni kiraka kilibanduliwa; ugeni ukiondoka Mama Msasa alipanda tena na kopo la lami. Bati lililegea, tundu likapanuka, mpaka likawa halizibiki hata kwa kiraka kipya. Ndoo haikurudi nyumbani tena. Usiku mmoja ilijaa ikafurika ndani ya msumeno. Asubuhi alipobonyeza swichi, mota ilikohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Wanafunzi wakaanza kukata mbao zao kwa mkono, mikono ikawachubuka, wakalalamika kwa maandishi.

"Vumilia kidogo, mama," Mkuu alimwambia mlangoni. "Nondo zimeshafika."

Nondo zikasimama, kuta zikafuata, vioo vikapanda. Wakati wa chakula cha mchana Mama Msasa aliketi juu ya matofali na kuchagua kwa macho mahali pa meza yake, karibu na dirisha la mashariki.

Kisha akaitwa mbele ya kamati. Walikuwa watu wawili asiowajua, na Mkuu katikati yao.

"Mashine ya chuo imeharibika kwa maji," alisema mmoja wao. "Fundi wa paa anasema kulikuwa na kiraka kizuri, kikabanduliwa kwa makusudi. Nani alikibandua?"

Mama Msasa alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa akitazama kidole chake gumba, penye kovu.

"Mama, kamati inauliza," Mkuu akasema taratibu.

"Nilibandua mimi."

"Kwa amri ya nani?"

Alingoja. Alimpa kijana nafasi ya kusema, kama alivyokuwa akimpa zamani anapokosea kipimo.

"Mkuu mwenyewe alinishikia ngazi," akasema mwishowe.

Wale wawili wakageuka. Mkuu akatabasamu kwa huzuni, tabasamu la mtu anayemsitiri mzazi wake. "Mama yetu amechoka. Tumemtumikisha mno. Napendekeza tusimdai mota. Tumwache akapumzike."

Wakamshukuru Mkuu kwa utu wake.

Siku ya ufunguzi wifi alimsimamia kichwani. "Kazi wamekunyang'anya, sawa, hiyo ni yao. Ndoo ni yangu. Kailete."

Alikwenda. Jengo jipya lilimetameta. Chini, kwenye dirisha la mashariki, palikuwa na mkahawa. Karakana ya zamani ilikuwa imepakwa rangi nyeupe na kuwa ukumbi wa wageni. Meza na mashine zote zilikuwa zimeondolewa. Tundu la paa lilikuwa limeachwa, limewekewa kioo na bomba jembamba lenye pampu, na kutoka juu tone lilianguka, likatulia, likaanguka jingine, ndani ya ndoo ya buluu iliyowekwa juu ya jiwe na kuzungushiwa kamba. Ukutani, kwenye picha, alikuwa yeye, mkubwa kuliko mlango, ameinama.

Akanyoosha mkono juu ya kamba.

"Mama Msasa." Mlinzi alimfahamu, aliongea kwa aibu. "Usiguse, tafadhali. Nitafukuzwa."

"Ni ndoo ya wifi yangu. Mfuniko wake uko nyumbani."

"Najua, mama. Lakini sasa ni kazi ya sanaa."

Aliisogelea mpaka kamba ikamkaza tumboni, akachungulia. Ndoo haikuwa na maji. Katikati ya kitako chake walikuwa wametoboa tundu, ili maji yashuke na kurudi kwenye pampu. Tundu lilikuwa la mviringo safi. Na mtu fulani alikuwa amezisugua kingo zake kwa msasa, polepole, kwa kuzungusha, hadi zikalainika, vile vile Mama Msasa alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi wake.

Nyuma yake wageni walikuwa wakiingia. Tone likaanguka, na bibi mwenye miwani ya dhahabu akaweka mkono kifuani.