Mada Aliyopewa Gamaliel

Kosa langu lilikuwa mzaha. Wengine hukosa kwa kuiba, wengine kwa pombe. Mimi nilikosa kwa kuchekesha darasa, saa nne asubuhi, chaki mkononi, mbele ya vijana kumi na mmoja walioamini kwamba najua ninachosema.

Ilikuwa 1974. Nilikuwa nafundisha theolojia ya utaratibu kwenye shule ndogo ya Biblia, kilima kimoja kabla hujafika Kamachumu. Diploma ninayo, niliitundika ukutani juu ya kitanda ili mke wangu asisahau. Somo lenyewe jina lake linatisha kuliko lilivyo. Siku ya kwanza niliandika ubaoni KUSUDI, nikauliza, "Tunasoma somo hili kwa nini?"

Kijana mmoja, Buberwa, aliyekaa karibu na mlango ili awahi chakula, akajibu, "Ili tuwe wachungaji, mwalimu, tupewe pikipiki."

"Huo ni wito wa pikipiki. Mwingine?"

Nikawaeleza. Mtu hushika mstari mmoja anaoupenda, akatembea nao kila mahali kama mwanambuzi kwenye kamba. Sisi tunasoma ili tujue Maandiko yote yanasema nini juu ya jambo moja, na tukishajua, tutii. Njia yake ni kama kuchambua kahawa. Unamwaga gunia zima kwenye mkeka, hufichi punje hata moja kwa sababu sura yake hukuipenda. Kwanza unakusanya mistari yote. Halafu unasoma kila mmoja mahali pake, unaandika kwa ufupi. Halafu unaunganisha uone jumla inasema nini. Mwisho, hatua ya nne, unasema watu wafanye nini, na useme kitu kinachoonekana kwa macho.

"Kama hakionekani kwa macho," niliwaambia, "hujafika hatua ya nne. Umekaa njiani unaota jua."

Nikagawa mada kwa kufuata daftari la mahudhurio. Buberwa akapata Malaika, akalalamika kwamba hajawahi kumwona hata mmoja Muleba nzima. Aliyefuata alikuwa Gamaliel Ishengoma. Mada iliyofuata ilikuwa Ndoa. Nikaandika, nikaendelea na anayefuata.

Gamaliel alikuwa kijana mrefu, mpole, wa Kagoma. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mama yake, Kokubanza, alipanda kilima chetu na mkungu wa ndizi kichwani, akautua mlangoni kwa mpishi, akakaa nusu saa na mwanae, akateremka. Baba yake, mzee Ishengoma, alikuwa na wake wawili. Wa kwanza Kemilembe, wa pili huyu Kokubanza. Nilijua? Nilijua. Jicho langu ni jepesi, naona mpaka soksi za mtu zikitofautiana. Niliona, nikaandika Ndoa.

Wiki ya tatu Gamaliel akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtu mwenye wake wawili akitaka kubatizwa, anabaki na wa kwanza. Hapo nimefika. Na yule mwingine?"

Darasa lilikuwa limechoka, na mimi nilikuwa na njaa.

"Yule mwingine?" nikasema. "Huyo ni mada ya mwaka wa tatu!"

Shule yetu ilikuwa ya miaka miwili. Darasa likapasuka. Buberwa akapiga dawati mpaka wino ukamwagika. Gamaliel naye akatabasamu, akainama akaandika kitu kwenye daftari, au alijifanya anaandika. Hakuuliza tena.

Alipoleta kazi yake ilikuwa safi. Mistari yote, hata ile inayosumbua, ya wazee wa zamani waliooa wengi na Mungu akaongea nao bado. Hakuficha punje. Mwisho tu ndipo alipoandika kwamba watu hao "waishi kwa usafi na amani". Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: Haionekani kwa macho. Wakae wapi? Baada ya siku mbili akairudisha. Sasa ilisema: Mume abaki na mke wa kwanza. Mke wa pili asikae naye katika kibanja kimoja. Kibanja kwetu ni nyumba na shamba la migomba linaloizunguka.

Nikampa tisini na mbili. Sijawahi kumpa mtu tisini na mbili. Nikaipiga taipu mwenyewe, na nakala moja nikampelekea Mchungaji Kagaruki wa usharika wao. "Soma," nikamwambia, "uone vijana wetu wanavyofikiri." Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga mluzi.

Haukupita mwezi, mzee Ishengoma akavimba miguu. Akaenda hospitali Bukoba, akarudi na vidonge kwenye karatasi na sura ya mtu aliyeambiwa jambo. Akaomba abatizwe. Mchungaji akaniita, "Njoo Kagoma Alhamisi, mwalimu. Haya ni mambo yako."

Tulikaa ndani kwa mzee, nyasi mpya zimetandikwa, kahawa ya kutafuna imepitishwa kwa kila mtu. Wazee wa kanisa watatu. Mzee Ishengoma kwenye kiti, miguu juu ya gunia. Kemilembe pembeni yake. Kokubanza alikaa chini karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu alikuwa na vyungu vyetu motoni. Gamaliel alikuwa ameitwa kutoka shuleni, akaja nyuma ya baiskeli yangu. Njiani tuliongea habari za mvua.

Mchungaji akafungua karatasi, akatuita kwa neno letu la heshima. "Na haya, waitu, hayakuandikwa Ulaya. Yameandikwa na mtoto wa nyumba hii."

Kokubanza akageuka. "Gamaliel, ni wewe?"

"Ni mimi, maawe."

Akapiga makofi taratibu, viganja vikigusana tu, kama wanavyofanya wanawake wetu wakipokea zawadi. "Ndizi zangu hazikupotea," akasema. Wazee wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Mchungaji alisoma kwa Kiswahili, kisha akaeleza kwa Kihaya ili wote wasikie. Kila sehemu Kokubanza aliitikia kwa kichwa. Hakuwa anasikiliza maana, alikuwa anasikiliza mwanae. Kila mara alimtazama, na Gamaliel alikuwa anatazama nyasi. Ikafika sehemu ya mwisho. Mchungaji akaisoma kwa Kiswahili, akaieleza kwa Kihaya.

Kokubanza akabaki na mikono hivyo hivyo, imekutana.

"Mimi simfukuzi mtu," mzee Ishengoma akasema, machozi yakimtoka. "Ni kanisa linasema. Mimi nataka kuzikwa kama mtu wa Mungu."

"Nimekupikia miaka ishirini na mbili," Kokubanza akasema. "Leo mdomo umekuwa wa kanisa?"

Mzee mmoja wa kanisa, mwenye huruma, akajikohoza. "Si tumjengee kibanda huko nyuma ya migomba? Hata mlango utazame upande mwingine."

"Kibanja ni kile kile," Mchungaji akasema. "Karatasi imesema wazi." Akanigeukia. "Au sivyo, mwalimu?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili. Si kila mtu hupewa. Ningeweza kusema karatasi ni ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ningeweza kusema sentensi ile niliidai mimi, kwa kalamu nyekundu, na kwamba katika mistari yote iliyokusanywa hakuna hata mmoja wenye neno kibanja. Wazee watatu walikuwa wananitazama kama mtu mwenye diploma.

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema.

Kemilembe ndiye aliyefoka, mtu ambaye sikutegemea kabisa afoke. "Na mimi je? Hii miguu nani ataikanda? Nani tutapalilia naye? Miaka ya kwanza nilimchukia huyu, mnisikie, nilimchukia kabisa. Sasa nimemzoea. Mnaninyang'anya na mimi?"

"Mama, tulia," Mchungaji akamwambia.

Kokubanza akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia, "Mchungaji, mmesoma yote? Hamkubakiza?"

"Yote, mama. Kijana amekusanya yote."

"Basi mimi imeandikwa niende wapi?"

Lilikuwa swali lile lile la darasani. Nikasubiri mzaha uje, maana kwangu huja wenyewe. Haukuja.

"Jambo hilo tutaliombea," Mchungaji akasema.

"Mkishaomba mtaniambia." Akainuka, akaenda kuepua chungu. Chakula kilikuwa cha kwetu wageni. Akatuandalia ndizi na samaki, akanawisha kila mtu mikono, mwanae akiwa wa mwisho. Tukala. Nasema tukala, mimi nikiwemo, na nikaongezewa.

Kwao Kokubanza hakukuwa na mtu. Kaka yake alikuwa amekufa, kibanja kilikuwa cha mtoto wa kaka ambaye alimwamkia kwa adabu na hakumwambia karibu. Bahati, au sijui niiiteje, wiki zile zile walikuwa wanaandikisha watu wa kijiji kipya cha ujamaa kule chini kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi tupu ambako babu zetu walipeleka ng'ombe tu. Waliokuwa na vibanja hawakutaka kwenda. Nani aache migomba ya baba yake akalime mchanga? Kwa hiyo katibu wa kijiji hakuchagua. Baadaye nilisikia alimuuliza Kokubanza jambo moja tu: unaweza kushika jembe? Hakuuliza ni mke wa ngapi. Akamwonyesha kiwanja, namba kumi na nne.

Mimi nimetunga mitihani mingi. Ule wa katibu ulikuwa wa swali moja na mama alifaulu. Wa kwetu ulikuwa na hatua nne.

Gamaliel hakurudi darasani. Aliacha godoro, akaacha na daftari zake, zimepangwa vizuri juu ya kitanda. Buberwa aliniuliza mara moja, "Mwalimu, Gamaliel amekwenda wapi?" Nikamwambia aendelee na malaika wake. Hakuna aliyecheka, na sikuwa nimekusudia wacheke.

Mzee Ishengoma akabatizwa Jumapili, akiwa amebebwa kwenye kiti. Jina alichagua mwenyewe, Abrahamu. Kanisa zima likaitika amina. Nilitazama huku na huku kuona kama kuna mwingine aliyeshtuka, aliyekumbuka kwamba Abrahamu naye alimtoa mama wa mwanae nyumbani.

Baada ya wiki tatu mzee akatuma mtu niende kwake. Nikamkuta amelala, uso umekwisha, chakula kimefunikwa pembeni hakijaguswa.

"Waitu mwalimu," akasema, "wewe una baiskeli. Nenda huko chini umwambie Kokubanza aje."

"Mzee..."

"Si kulala hapa. Si kwa lolote. Aje tu nimwone. Hata akitaka kunitukana, anitukane akiwa amekaa hapo."

"Mchungaji anajua?"

Akafumba macho. "Mchungaji nimemwambia dhambi zangu zote. Hii sijui kama ni dhambi, ndiyo maana nimekuita wewe uliyesoma."

Nilichukua baiskeli.

Njia ya kwenda kwenye rweya ni mteremko. Migomba inakwisha ghafla, kama umetoka ndani ya nyumba, halafu ni nyasi, upepo, na nyumba za miti zimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi. Namba kumi na nne ilikuwa na paa, ukuta bado. Gamaliel alikuwa juu ya gogo anafunga fito. Aliniona kutoka mbali, akaendelea kufunga. Mama yake alikuwa upande wa chini anapanda mihogo, kwa sababu mgomba pale haushiki. Anachimba, anachomeka kijiti, anafukia kwa mguu, anasogea.

Nilisalimia. Gamaliel akaitikia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," kama darasani, bila kugeuka.

Nikasimama mwisho wa tuta na baiskeli yangu. Nikamwambia Kokubanza kwamba mzee ni mgonjwa sana, hali chakula, na anaomba aende amwone, mara moja tu. Akachomeka kijiti, akafukia. Nikadhani sikueleza vizuri. Nikarudia kwa Kihaya, taratibu, na maneno yote ya heshima niliyofundishwa na mama yangu. Jembe lilipanda na kushuka. Nikamtazama Gamaliel. Alikuwa ameshika kamba kwa meno, anavuta fundo.

Kokubanza akafika nilipokuwa nimesimama, akapita pembeni ya gurudumu, akaanza tuta lingine.

"Mama," nikasema, "hawezi kungoja sana. Naomba unipe jibu nimpelekee."

Akachimba, akachomeka kijiti, akafukia kwa mguu, akasogea, na hilo ndilo jibu nililopanda nalo kilima.