Chini Pakavu, Tangi Tupu

Mangi Eliakimu alimwita mume wangu mwizi mbele ya foleni ya sabuni, asubuhi ya Jumamosi, Mtaa wa Msimbazi, na mimi nikiwa kwenye foleni hiyo hiyo na kikapu changu mkononi. Hakumwita pembeni. Hakumuuliza. Alisimama kwenye ngazi ya duka lake, tumbo mbele, akapaza sauti: "Dereva wangu ananinyonya petroli! Bushiri huyu huyu! Nimemlisha, nimemwamini, kumbe anafyonza tangi langu!"

Nyie, acheni tu. Kuna watu wameibiwa kweli na hawakupiga kelele namna ile. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu, tuliyekuwa tunazungumza naye vizuri habari za dagaa, akauhamisha mkoba wake kutoka upande wangu akaupeleka upande wa pili. Bora angesema neno, ningemjibu.

Wakati ule petroli ilitoka kwa kibali, na ikifika Jumapili saa nane mchana gari la mtu binafsi halikanyagi lami. Mwizi wa petroli hakuwa mwizi wa kawaida, aliitwa mhujumu uchumi. Mtu akishaitwa hivyo hakuna atakayempa ufunguo wa gari, awe Mchaga au Mwarabu au shirika la umma. Na Bushiri kazi nyingine haijui. Tangu anioe anaendesha magari ya watu, na mali yake yote ilikuwa ni jina: Kariakoo nzima, mwenye gari angemkabidhi akaenda zake kulala.

Ushahidi wa Mangi ulikuwa huu. Petroli iliyokuwa ikitosha wiki nzima, kupeleka mizigo Magogoni na kurudi, sasa haifiki hata Alhamisi. Akatandika boksi chini ya pikapu yake kuukuu jioni, aone kama inavuja. Asubuhi boksi kavu. Chini pakavu, tangi tupu, basi aliyebaki ni dereva. Hesabu yake yote ni hiyo! Mtu ambaye hapotezi hata mche mmoja wa sabuni dukani, lakini heshima ya mtu aliipigia hesabu ya chapuchapu.

Bushiri aliweka ufunguo juu ya kaunta akarudi nyumbani. Nilimkuta amekaa kitandani, mikono magotini.

"Si ungemjibu, Baba Bakili!" nikamwambia. "Umesimama pale kama nguzo ya umeme!"

"Nimjibu nini? Petroli inapungua kweli. Hata mimi sijui inakwenda wapi."

Upole wake siku ile uliniudhi kuliko kelele za Mangi. Mwenye hatia ndiye hunyamaza, ndivyo watu wasemavyo, na yeye alikuwa anawapa watu hicho hicho wanachokitaka.

Jumapili mchana wakaja chumbani kwetu. Mangi mbele, nyuma yake balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Suud, mshona kanzu. Nilimwamkia balozi shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama chini. Aliona aibu, nilimwona. Wapangaji wenzetu wote wakajaa ukumbini, hata wale ambao kwa kawaida hawaamki usingizini siku ya Jumapili.

"Mama Bakili, tuwie radhi," balozi alisema. "Ndugu Eliakimu amelalamika kwamba petroli yake imefichwa humu. Tutazame, tuondoke."

Wakatazama. Wakainua godoro langu. Wakafungua sanduku langu la nguo, Mangi akachungulia ndani kama daktari. Uvunguni wakatoa sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, ndala moja isiyo na mwenzake. Halafu nyuma ya mlango wakaliona kopo.

Hilo kopo lilikuwa la oili chafu. Mchwa walikuwa wanakula miimo ya mlango wetu, na oili chafu ndiyo dawa yao, kila mtu anajua. Mangi mwenyewe ndiye aliyetupatia. Majuma machache nyuma Bushiri alimwambia oili ya pikapu imepanda juu ya alama ya kijiti cha kupimia. Mangi hakushtuka, alifurahi! Oili nayo ilikuwa haipatikani, magari ya wenzake yanaimeza kama uji wa futari, na yeye kila jioni barazani anajisifu: "Langu halili oili! Miezi sasa halijaniomba tone!" Akasema Bushiri atakuwa alizidisha siku ya kujaza, aipunguze. Bushiri akamwomba ile iliyopunguzwa, akapewa. Na mume wangu naye, nisimtetee kwa kila jambo, alijisifu vilevile mbele ya madereva wenzake. Siku zile gari lisilokula oili lilikuwa neema, na nani ataikagua neema?

Mangi akafunua kopo, akaingiza pua.

"Petroli!" akapiga ukelele. "Balozi, nusa! Si nilisema? Hii hapa!"

Balozi akanusa. Akanitazama. Ukumbini watu wakaguna kwa pamoja, na mguno ule ulinichoma.

"Hiyo oili umetupatia wewe," nikasema. "Kwa kauli yako, kwenye kopo lako la blubendi!"

"Nilitoa oili. Petroli ameitia yeye ili aifiche."

"Aifiche ndani ya oili chafu? Halafu aiuze kwa nani, Mangi? Nani anunue petroli iliyochanganywa na masizi? Hata koroboi itaikataa! Wewe unaibiwa na mjinga gani huyo?"

Mtu mmoja akacheka huko nyuma. Mangi akafura. Akaanza kusema habari za polisi, balozi akamshika mkono, na mimi nikawa namwuliza kama na godoro langu analipeleka polisi, maana nalo limeguswa. Katikati ya kelele hizo Bushiri akainuka kitandani. Alichovya kidole ndani ya kopo, akakisugua kwa kidole gumba, akasugua tena. Ilikuwa inachuruzika kama maji. Akainusa muda mrefu.

Mtaniuliza kwa nini hatukuisikia harufu ile siku zote. Mke wa dereva haisikii tena petroli, kama mtu wa Magogoni asivyosikia samaki. Nguo zake zinanuka petroli, mto wake unanuka petroli. Ningeishangaa oili?

"Balozi," Bushiri alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo tangu waingie, "mimi sikutia kitu humu. Nimekinga chini ya injini, nikaleta. Kama hii ina petroli, basi na iliyobaki kwenye injini inayo. Twendeni kwenye gari."

"Ujanja huo," Mangi akasema.

"Ujanja gani? Ufunguo unao wewe tangu jana."

Tukatoka, ukumbi mzima nyuma yetu.

Pikapu ilikuwa mbele ya duka. Mtaa umetulia, magari yote yameegeshwa kwa ile amri ya Jumapili, kwa hiyo hata waliokuwa wanacheza bao ng'ambo walikuja kutazama. Bushiri akafungua boneti. Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Akamwonyesha balozi. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, imepita sana.

"Nilipunguza kopo zima," akasema. "Toka siku hiyo hatujaongeza hata tone. Mzee Mangi, hujaongeza?"

"Niongeze ya nini? Gari langu halili oili," Mangi akajibu, na mazoea yakamfanya aseme kwa majivuno.

"Kutokula sawa. Lakini inaongezekaje? Oili inazaa?"

Balozi akanusa kijiti, akampa Mangi, Mangi akanusa haraka haraka kama mtu anayelazimishwa kunywa shubiri.

"Inanuka kidogo tu," akasema.

Kidogo! Nilivuta pumzi. Nikamwambia alete oili mpya aliyojiwekea akiba dukani, tone moja, haitamfilisi. Akaleta kwa kununa. Nikachukua vipande viwili vya gazeti, kimoja nikakidondoshea oili yake mpya, kingine oili ya kwenye gari, nikavipeleka ng'ambo ya barabara mbali na pikapu. Nikawasha kiberiti. Kipande cha oili mpya kiliungua polepole kwa moshi. Kile kingine kiliruka moto kabla kiberiti hakijakigusa, nikaruka nacho, nusura uniunguze kanga. Wacheza bao wakapiga makofi. Sikuwa nimefanya mchezo mimi.

"Petroli yako hiyo, Mangi!" nikampigia kelele toka ng'ambo. "Haikwenda kwangu! Inashuka humo humo ndani ya injini yako, wewe unatandika boksi chini!"

Ikabaki kujua inapitia wapi. Balozi akatuma mtu kwa baiskeli akamwite fundi Melkiori wa Buguruni, aliyelitengeneza gari lile mara ya mwisho. Melkiori ni fundi mwenye maneno mengi, lakini alipofika akaambiwa oili ina petroli, maneno yakamwisha. Akaanza kuzungukazunguka. Mara ni kabureta hiyo, mara plagi, mara tulilete gereji kesho.

"Fungua pampu," Bushiri akamwambia.

"Pampu haina neno, nilifunga mwenyewe."

"Ndiyo maana nasema fungua."

Akafungua. Pampu ya petroli kwenye gari lile imebandikwa ubavuni mwa injini, na ndani yake kuna kiwambo, kama ngozi ya ngoma ndogo, kinachopanda na kushuka kuvuta petroli. Juu petroli, chini injini, katikati kiwambo hicho tu. Melkiori alipokitoa, kila mtu aliona si kiwambo cha dukani. Kilikuwa kipande cha tyubu ya lori kilichokatwa kwa mkasi. Petroli ilikuwa imekilainisha kikavimba, kikatepeta kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na katikati kilikuwa na mpasuko unaoingia kucha. Kila pampu ilipopiga, petroli nyingine ilikwenda mbele na nyingine ikadondokea kwenye oili. Chini isingedondoka hata tone.

"Tyubu, Melkiori?" balozi akauliza.

"Vipuri vilikuwa havipo, balozi! Nilimwambia Mangi, tyubu petroli inaila, hii ni ya kukufikisha nyumbani tu. Halafu kiwambo chenyewe si kilimjia kutoka kwao Moshi? Ndugu yake alikileta. Mangi akasema madhali gari linatembea, akakiuza."

Nilimgeukia Mangi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu ameuza kiwambo cha gari lake, amelifungia gari tyubu, ameona oili inapanda akashangilia, halafu amekuja kuinua godoro langu!

"Basi," Mangi akasema, "kumbe ni gari. Yameisha. Baba Bakili, kesho njoo kazini kama kawaida." Akaingia dukani akatoka na mche wa sabuni, akanipa mimi, kwa sauti ya chini: "Mama Bakili, tuyamalize kifamilia."

Sabuni niliitaka, wallahi. Nguo za nyumba nzima zilikuwa zimelundikana na nilikuwa nimepoteza zamu yangu ya foleni jana yake kwa sababu yake. Nikaiweka juu ya boneti.

"Ulimwita mwizi kifamilia?" nikamwuliza. "Ulisimama juu ya ngazi. Kesho foleni itakuwepo. Simama hapo hapo."

"Mama Bakili, mimi ni mtu mzima, nina biashara—"

"Na yeye ni nani?"

Mangi akamtazama balozi, akitaraji msaada. Mzee Suud akakohoa. "Ndugu Eliakimu, kashfa uliitangaza hadharani. Huwezi kuifuta kwa kunong'ona."

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye foleni mapema, Bushiri kando yangu, amevaa shati lake la Idi bila mimi kumwambia. Foleni ilikuwa ndefu hadi kona. Yule mwanamke wa dagaa alikuwepo, nyuma yangu safari hii. Mangi akatoka, akasimama juu ya ngazi, akakohoa.

"Gari langu lilikuwa bovu," akasema kwa haraka. "Petroli ilikuwa inavuja ndani." Akageuka kuingia.

"Jina!" nikapaza sauti.

Akasimama. Mgongo wake ulikuwa mpana, na nilidhani hatageuka. Akageuka.

"Bushiri hakuiba. Nilikosea mimi. Bushiri si mwizi."

Yalikuwa maneno kamili, na niliona mabega ya mume wangu yakishuka. Halafu nyuma yangu yule mwanamke akamwambia mwenzake, bila hata kujificha, "Wameshaelewana hao. Wamegawana."

Bushiri alisikia. Niliujua uso ule, ulikuwa uso wa Jumamosi, na alikuwa anaanza kuondoka.

Nikamshika mkono, nikatoka naye kwenye foleni. Watu wakasogea mara moja, nafasi yangu ikazibwa, sabuni ikaenda zake. Nikapanda ngazi ya Mangi pamoja naye, tukasimama watatu juu, tunawatazama wote hadi kona.

"Sema tena," nikamwambia Mangi.

Akasema tena. Wa mwisho kule hawakusikia.

"Tena."