Sara Hakuambiwa

Tulipofika pale Mungu anapomuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi, mama alivua miwani, akanigeukia, akasema, "Na wako je? Yuko wapi?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani, Biblia iko juu ya meza ya kukatia, tepu inaning'inia shingoni. Nikaanza kuikunja ile tepu. Sikuwa na cha kupima, ila mikono ilitaka kazi.

"Amesafiri, Mama. Amepata kazi ya kuezeka huko mbali."

"Mbona hakuniaga?"

"Alikuaga. Ulikuwa na usingizi."

Akavaa miwani, akasema haya, soma. Nikaendelea kusoma jinsi Kaini alivyojibu kwa ujeuri kwamba yeye si mlinzi wa mtu, huku mashavu yananiwaka. Nilijikuta namwonea huruma Kaini, jambo ambalo sikuwahi kulitegemea maishani.

Ukweli ni kwamba mdogo wangu, kitinda mimba wetu, tulishamzika. Alikuwa fundi wa kuezeka, mtaa mzima ukimwita Bati. Asubuhi moja ya manyunyu aliteleza kwenye paa la ghala, akaanguka, akafia palepale. Mama alikuwepo mazikoni, udongo aliutupa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini ule ugonjwa wa kusahau, ambao hapo awali ulikuwa unamchungulia tu mlangoni, baada ya msiba uliingia ndani ukakaa. Akausahau msiba wote. Siku moja akauliza mwanawe yuko wapi, na mimi, mtu ambaye mdomo wangu haujawahi kuwa na breki, nikamwambia.

Akalia kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Hakula, hakunywa, mpaka tukamkimbiza hospitali akatundikiwa dripu. Akapata nafuu, tukarudi nyumbani, akauliza tena. Nikamwambia tena. Safari hiyo tulimrudisha hospitali akiwa hajitambui, na daktari akanivuta pembeni, akaniambia kwamba moyo wa mama hautabeba mshtuko mwingine wa namna hiyo. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, akakata shauri tukiwa bado kwenye benchi la wagonjwa.

"Kuanzia leo amesafiri," alisema. "Na huo mdomo wako ushone. Si fundi wewe?"

Habari ya kusoma Biblia niliileta mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Mama alifundisha watoto shule ya Jumapili tangu mimi sijazaliwa. Hakumbuki alichokula asubuhi, lakini ukimuuliza wana wa Nuhu atakutajia bila kupepesa macho. Nikaona nimpe kitu anachokijua, atulie, aache kuuliza maswali. Alikubali kwa sharti lake la siku zote, kwamba tuanze ukurasa wa kwanza na tusiruke hata neno. Hata ile orodha ya fulani akamzaa fulani, inayompigisha mtu miayo mpaka taya liume, ilibidi tuipitie jina kwa jina.

"Aliyeandika hakuchoka," aliniambia. "Wewe wa kusoma tu ndiyo uchoke?"

Basi kila siku baada ya chakula cha mchana, wateja wakiwa wamepungua, nilizima cherehani nikasoma. Nilipokuwa mtoto nilidhani Mwanzo ni kitabu cha watu watakatifu. Sasa niliona ni ukoo kama koo zingine, ila wao mambo yao yaliandikwa. Mume anasema mkewe ni dada yake ili apate kupona. Mama anamfundisha mwana kumdanganya baba kipofu. Ndugu hawasalimiani miaka na miaka. Wanadanganyana karibu wote, na Mungu anaendelea kutembea nao, sijui kwa subira gani. Nilipata faraja kidogo hapo, nakiri. Nilijiambia kwamba uongo wangu mimi angalau ulikuwa wa kumwokoa mtu.

Faraja hiyo haikudumu. Tulifika pale Abrahamu anapoamka alfajiri, anatandika punda, anapasua kuni na kuondoka na Isaka kwenda kumtoa sadaka. Mama alinisikiliza mpaka kondoo akapatikana na mtoto akafunguliwa kamba. Nikadhani atafurahi. Akauliza, "Sara alikuwa wapi?"

"Nyumbani, nafikiri."

"Hakuambiwa."

"Haijaandikwa."

"Hakuambiwa," akarudia. "Watu wanatoka na mwanao, kisu wamebeba, kuni wamebeba, na wewe uko jikoni unadhani wamekwenda matembezi."

"Labda walimhurumia, Mama. Mzee wa watu, moyo wake ungepasuka."

"Walimwibia," mama alisema. "Hata kama mtoto alirudi. Ruhusa ya kumnyima kilio chake waliipata wapi?"

Nikafunua ukurasa, nikakuta sura inayofuata Sara anakufa, mumewe anahangaika kutafuta shamba la kumzikia. Nikasema wateja wamekuja, nikafunga kitabu. Hakukuwa na mteja hata mmoja.

Nilianza kukiogopa kile kitabu. Nilikipekua mapema peke yangu, kama mtu anayepita njia na tochi kabla ya mgonjwa. Nikaona mbele yangu Yusufu, ile kanzu yake iliyochovywa kwenye damu, na Yakobo akirarua nguo zake na kukataa kufarijiwa. Nikasema hapa hapana. Kesho yake nilipomaliza sura ya uzao wa Esau, niliiruka ile ya kanzu nikaingia inayofuata.

Kwa haraka zangu sikuwa nimeangalia inayofuata ni nini. Ni ile ya Yuda na mkwewe Tamari, aliyejifunika uso akakaa njiani. Mama mdogo alikuwa amekuja kupiga soga nasi, amekaa pale anamenya machungwa. Kisu kikasimama hewani.

"Haya mambo yamo humo?" akauliza. "Na mchungaji anajua?"

Nilikuwa natafuta pa kuficha uso wangu. Mama alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto wa Jumapili wanaotafuna peremende wakati wa sala.

"Umeruka," akasema. "Kanzu iko wapi?"

Hakuna aliyeweza kunisaidia. Mama mdogo aliinamia machungwa yake. Nikarudi nyuma nikasoma yote, kaka zake Yusufu wanamtupa shimoni, wanamuuza, wanamletea mzee ile nguo na kumuuliza kama anaitambua. Mama alikuwa ameshika pindo la gauni la mteja lililokuwa mezani, analisugua kwa vidole polepole.

"Wale wana walijua yuko hai," akasema.

"Walijua."

"Na wakakaa wakimtazama baba yao analia."

"Ndiyo, Mama."

Mama mdogo alinitupia jicho, na nilijua tunawaza jambo moja. Wale walisema aliye hai amekufa, sisi tulikuwa tunasema aliyekufa yu hai, na wao na sisi tulikaa mezani na mzazi tukala naye. Mimi nilikuwa nalia ndani kwa ndani kwa kukosa hata mtu wa kumkasirikia.

Tangu siku hiyo hapakuwa na kurudi nyuma. Mama alimng'ang'ania Yusufu. Alisahau tulichosoma jana yake, lakini hofu au furaha ya jana ilibaki usoni, na akija mezani anaiendeleza. Yusufu akiwa gerezani, mama hana raha. Yusufu akipanda cheo, mama anaimba akioga. Na siku tuliyosoma kwamba kaka zake wamerudi kumwambia Yakobo mwanao yu hai, mzee akakataa kuamini mpaka alipoyaona magari ya kumchukua, mama alisimama akaingia chumbani. Alitoka amevaa gauni lake la kutokea, mkoba mkononi.

"Mwanangu amepatikana," akasema. "Analeta gari."

Akakaa kwenye kiti cha pembeni ya mlango.

Nilimbembeleza, nikamtania, nikamwambia gari la huko halina uharaka. Mama mdogo, ambaye uongo ukishaanza hakosi wa kuongezea, akasema gari limeharibika njiani, fundi anahangaika nalo. "Basi nitasubiri," mama akajibu. Nikampelekea chakula, akakisukuma. Alisema atakula kwa mwanawe, si vizuri kufika kwa mtoto umeshiba, ataona umedharau. Jioni akakataa. Asubuhi akaamka, akavaa lile gauni, akarudi kwenye kiti, akanywa chai nusu kikombe na kukataa kingine chochote. Mchana midomo ilikuwa imemkauka.

Nikasimama katikati ya chumba, mkasi mkononi, sijui nikate nini. Nikisema kweli namuua. Nikinyamaza anakufa kwa njaa mlangoni kwangu, akitabasamu, akisubiri gari la marehemu. Mama mdogo alikwenda kumtafuta daktari. Mimi sikuwa na kingine cha kujaribu isipokuwa kusoma. Nilijiambia tukimaliza Mwanzo tutaingia Kutoka, kuna vyura na nzige na bahari kupasuka, vitu alivyokuwa akiwafundishia watoto kwa vitendo. Huenda vikamtoa pale kwenye kiti.

Nikasogeza kigoda karibu yake, nikasoma mbiombio. Yakobo akashuka Misri, akawabariki wanawe mmoja mmoja kwa maneno marefu, akafa, wakampeleka kumzika kwao. Nilikuwa nasoma kama ninayeshona pindo refu, macho yako mbele kwenye mwisho wa kitambaa, siangalii kilicho chini ya sindano. Ndiyo maana sikukumbuka kile kitabu kinaishaje. Nilishtuka nimeshaingia. Yusufu anazeeka, anawaapisha ndugu zake waje waichukue mifupa yake, na anakufa.

Nikanyamaza. Ulikuwa umebaki mstari mmoja. Lakini midomo ya mama ilikuwa ikienda sambamba na yangu muda wote, na yangu iliposimama yake haikusimama. Akamalizia kwa kichwa, taratibu, mpaka pale pa mwisho, kwenye jeneza huko Misri.

Gari la takataka lilipita barabarani likigonga kengele yake. Mama aliutazama mkoba wake.

"Kumbe alikufa," akasema.

"Nani, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Bati wangu. Alianguka."

Nilifungua mdomo, uongo wote tuliokuwa tumeuweka akiba haukutoka hata mmoja. "Alianguka," nikasema.

"Nilikuwepo kumzika?"

"Ulikuwepo. Udongo uliutupa mwenyewe."

Akageuza kiganja cha mkono wa kulia, akakitazama, kisha cha kushoto. Nilikuwa nimeshashika simu, nasubiri aanguke. Hakuanguka. Alinitazama mimi, sawasawa, kwa yale macho yake ya zamani ambayo sikuwa nimeyaona tangu msiba.

"Na wewe?" akauliza. "Wewe alikushika nani?"

Hakunishika mtu. Siku ile nilikuwa nimemshika yeye. Baada ya hapo nikawa nalinda mlango, nawakonyeza waliokuja kutoa pole wasitoe pole, nacheka na wateja. Nilitaka kumwambia hayo. Akauweka mkoba chini, akanivuta kichwa mpaka mapajani kwake, nami nikalia. Nililia kwa sauti, mimi mtu mzima, kamasi zikalowesha lile gauni la kutokea. Mama alikuwa ananipigapiga mgongoni, anasema lia mwanangu, lia, mdogo wako huyo, lia. Nilikuwa na mama. Kwa muda ule nilikuwa nimefiwa pamoja na mtu.

Sijui tulikaa vile kiasi gani. Nilichosikia ni mkono wake kupungua nguvu, ukawa unanigusa kwa adabu, kama mtu anavyomgusa jirani aliyemkuta analia.

"Pole sana," akasema. "Unamlilia nani?"

Sikuinua kichwa. Nilitafuta jina ambalo halitamuua.

"Yusufu," nikasema.

"Ah, Yusufu." Akacheka kidogo, kwa upole. "Yusufu alikufa mzee, amepakata mpaka wajukuu wa wanawe. Huyo haliliwi hivi. Hivi unavyolia wewe, mtu humlilia kijana."

Akanifuta uso kwa pindo la gauni lake, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema hata yeye ana njaa, akashangaa kwa nini hakuna aliyempa chakula tangu asubuhi. Nikanyanyuka, nikapakua sahani mbili. Mama alikula, akamaliza yote, akaomba kuongezwa. Nilikaa mbele yake na sahani yangu imejaa, na katika nyumba nzima aliyefiwa nilikuwa mimi tu.