Ngazi ya Kushukia

Jirani, fundi cherehani, anadai alikwenda ofisi ya jiji kufuatilia kibali cha kibanda chake, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka akamaliza kuitazama ile picha kubwa ya daraja la mtoni, iliyochorwa daraja lilipokuwa likijengwa. Anadai mchukuzi mmoja mle pichani, mwenye jiwe begani, alimwita na kumuuliza kwa adabu zote kama ngazi bado iko mbali.

"Masikio ya kwenu yale, shoga," alimwambia mfagiaji wa ofisi hiyo, jirani yake. "Kama vishikio vya sufuria. Huyo ni babu yako."

Mfagiaji hakubisha. Kwa miaka sita alikuwa akiifuta picha ile kila Jumatatu, fremu tu, maana amri ya ofisi ni kwamba mkono wa mfagiaji usivuke fremu. Alijua kuwa babu husogea hatua moja kwa wiki. Bibi alisimulia kwamba watu wa daraja walimchukua shambani, jembe likabaki limesimama, wakasema atarudi mawe yakiisha.

Jumatatu hiyo babu alikuwa amefika mwisho wa daraja. Ngazi ya kushukia haikuwepo. Mwaka uliopita kona ile ya picha iliingiwa na unyevu, akaletwa mtaalamu, naye alipoona ngazi imefifia akachora ukuta juu yake. Ukuta mzuri, wakubwa wakamsifu.

Mfagiaji alikwenda kwa mkuu wa ofisi, akaomba ukuta ukwanguliwe. Mkuu aliacha chai yake, akavaa miwani, akakubali kwamba mzee kweli amefika na anatoka jasho. Lakini picha, alieleza, ilisajiliwa ikiwa na wachukuzi kumi na tisa. Akishuka mmoja, itabidi isajiliwe upya, na fomu hiyo haipo. Akaagiza iwekwe ndoo, jasho lisiharibu mbao za sakafu.

Ndoo ikawekwa. Mfagiaji akafuta fremu juu, akateremka nayo ubavuni mpaka kwenye kona. Nyuma ya babu, wenzake kumi na wanane walikuwa wamebanana kifua kwa mgongo, pa kutua mzigo hapana.

"Mjukuu wangu," babu alisema, kwa sauti isiyosumbua ofisi, "habari ya ngazi tuiache. Nipokee jiwe tu, nipumzishe bega."

Mfagiaji alikunja kitambaa mara mbili. Akautazama mlango wa mkuu, uliokuwa wazi. Kisha akaanza kufuta fremu upande wa chini.