Mtu Aliyekataa Chuo Kikuu

Mume wangu Bahador alikataa chuo kikuu. Mtu akija nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, hata viatu hajavua, atakuwa ameshaambiwa. "Waliniita nikasome udaktari wa uhandisi," husema huku akijipapasa tumbo, "nikawakatalia." Halafu hunyamaza kidogo ili mgeni apate nafasi ya kushangaa. Wageni wetu ni Wairani wenzetu wa hapa Toronto, watu wenye adabu zao, kwa hiyo hushangaa. Mimi huenda jikoni kukoroga chai ambayo haina sukari.

Anauza vigae vya bafuni. Si kazi ya kuonea haya, imetulisha na kutuvika. Lakini dukani kwake kuna kiti kimoja kizuri, na kiti hicho si cha wanunuzi. Ni cha watu wanaokuja kutafuta ushauri wa vyuo. Hapa kwetu yeyote aliyetangulia kushuka kwenye ndege ni mtaalamu, na Bahador alitangulia karibu wote. Wanakuja na maboksi ya vitumbua vitamu vya pistachio, watu wazima wenye shahada zao kutoka Tehran na Tabriz, wanakaa wima, na muuza vigae anawafundisha namna ya kuzungumza na maprofesa. Ofisi ya profesa wa nchi hii hajawahi kuikanyaga. Lakini anafundisha.

Mwaka jana akaja Shokufeh, binti wa dada yake, kutoka Shiraz. Huyo ni msomi kwelikweli. Baba yake ana shamba upande wa Marvdasht, na kule maji ya chini yamevutwa kwa mapampu mpaka ardhi yenyewe inadidimia. Bomba la kisima chao, ambalo zamani mdomo wake ulikuwa chini kabisa karibu na udongo, sasa limesimama juu kuliko kichwa cha baba yake. Bomba halikupanda, ardhi ndiyo iliyoshuka. Shokufeh alichukua shahada ya pili kwa kupima balaa hilo. Hapa Toronto akapata kazi ya kupokea simu kwa daktari wa meno, akiuliza watu kama wanaumwa jino la juu au la chini.

Alitaka kitu kimoja tu: kusomea shahada ya udaktari chini ya Profesa Gwen Tarrant, ambaye maisha yake yote ameyatoa kwa ardhi zinazodidimia. Hakuna mwingine wa namna hiyo mjini hapa. Akimkosa huyo, angebaki kwenye meno.

Maombi ya chuo nayo yalinichefua. Walimwomba aeleze dhiki aliyoipitia na jinsi alivyoishinda. Yaani kwanza ulie, wakiridhika na machozi yako ndipo wakuulize umesoma nini. Bahador akamshauri aandike habari za vita.

"Mjomba, vita viliisha sijazaliwa," Shokufeh akasema.

"Kwani wao wanajua?"

Hakuandika vita. Aliandika habari za bomba la kisima, na nikampenda kwa hilo. Profesa naye nadhani alimpenda kwa hilohilo, maana haukupita muda akaomba wazungumze kwa kompyuta.

Mazungumzo yalifanyika kwenye meza yetu ya chakula. Shokufeh alivaa koti langu jeusi. Bahador alijiweka upande wa pili wa meza, mahali kamera isipomwona, akakunja mikono ya shati kama refa. Mimi nilikuwa jikoni nikichambua sabzi, yaani mboga zetu za majani, mlango wazi.

Nusu saa nzima mtoto alizungumza kama maji yanavyotiririka. Udongo, chumvi, mapampu, picha za setilaiti. Profesa alikuwa akicheka, akimkatiza, akimuuliza tena. Sikuelewa hata robo, ila nilielewa kwamba wale wawili wamependana. Kisha profesa akasema, wazi kabisa, nikasikia mpaka jikoni:

"Basi Shokufeh, nina nafasi moja ya Septemba, na posho yake ipo. Ungependa kuichukua?"

Bahador akainua kiganja. Subiri.

Sasa, sisi tuna desturi yetu. Ukikaribishwa kitu, unakataa. Mwenye kukaribisha anarudia, unakataa tena. Anaapa kwa roho ya mama yake, ndipo unachukua, na bado unalalamika kwamba amekuonea. Hata muuza nyama atakwambia "nenda tu nayo, ni yako," na ole wako uende nayo. Kupokea kitu mara ya kwanza ni tabia ya mtu ambaye kwao hakuna chakula. Shokufeh amelelewa hivyo, nami nimelelewa hivyo. Lakini peke yake, nina hakika, angejua pa kuacha. Ni kile kiganja cha mjomba wake.

"Hapana, Profesa," akasema kwa sauti nyororo. "Mimi ni nani hata nistahili? Wapo wengi walio bora kuliko mimi."

Kisu changu kikasimama.

"Una hakika?" profesa akauliza. Na alikuwa ameumia, hata kiziwi angesikia. "Nilidhani unaitaka."

Bahador akatikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha kidole cha pili. Mara ya pili, kataa.

"Nina hakika," Shokufeh akasema. "Mpe mwenye kustahili."

"Sawa. Asante kwa kuniambia ukweli."

Na akaondoka. Kioo kikawa cheusi. Watu wa huku ndivyo walivyo, ukikataa chai wanaondoa kikombe.

"Safi!" Bahador akapiga makofi. "Umeona alivyoshtuka? Sasa ndiyo anakutaka zaidi. Tulia, atapiga simu."

"Bahador," nikasema nikiwa na kisu mkononi, "yule mama hapigi."

"Mahrokh, wewe shughulika na sabzi yako. Mambo ya vyuo niachie."

Kesho yake profesa akaandika. Anaheshimu uamuzi wake, anamtakia heri, huenda siku moja wakaonana kwenye mkutano wa wataalamu. Bahador akavaa miwani akasoma mara kadhaa, kisha akagonga kioo cha simu kwa ukucha. "Haya, hii nini? 'Tukaonana.' Huyu anarudi polepole. Usijibu, ataona una njaa."

Shokufeh alikuwa hali wala halali vizuri. Alikuwa akishika simu kama mtu aliyeshika mgonjwa. Siku zikapita, wala simu haikulia. Bahador akaendelea kutufafanulia kimya cha profesa, kwamba kimya cha namna hii ni dalili njema sana, na kwamba yeye anawajua hawa watu. Asubuhi ya Ijumaa, tuko mezani watatu, mkate na jibini mbele yetu, uvumilivu wangu ukafika mwisho.

"Unawajua kwa lipi?" nikamuuliza. "Profesa gani alishawahi kukubembeleza wewe?"

"Mimi niliitwa. Unajua niliitwa."

"Najua uliitwa. Ukajibu nini?"

"Nilijibu kiungwana. Kwamba sistahili, kwamba nafasi wapewe vijana wao."

"Halafu?"

Akachukua mkate, akaurudisha. "Halafu wakajibu asante."

"Halafu?"

"Halafu..." Akamtazama Shokufeh, akanitazama mimi. "Nilikuwa nangojea waandike tena."

Miaka yote niliyokaa na mwanamume huyu nimekula hadithi yake kama nilivyokula chumvi. Nimewavumilia wageni wakimpongeza kwa kuwapiga teke mabwana wakubwa wa chuo. Kumbe hakumpiga teke mtu. Alitoa adabu zake mbele ya watu wasiozijua, akakaa pembeni kusubiri abembelezwe, na mpaka leo amekaa palepale, kati ya sinki na vigae. Na badala ya kuona haya, akageuza kungoja kuwa utaalamu, akawa anaugawa bure kwa watu waliohitaji kula. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

"Na sasa umempeleka na huyu akakae na wewe kwenye benchi," nikasema.

Shokufeh alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu.

"Shangazi, gari lina mafuta?"

Nilimpeleka mimi kwa gari. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, nadhani alikuwa akifanya mazoezi. Profesa Tarrant tulimkuta ofisini, mwanamke mrefu mwenye soksi za rangi mbili tofauti, anakula tufaha juu ya makaratasi. Alishangaa kumwona Shokufeh, na mshangao wake haukuwa wa furaha.

"Profesa, ile nafasi naitaka," Shokufeh akasema kabla hajakaribishwa kiti. Sauti ilimtoka kavu, kama amelazimishwa kuvua nguo hadharani. "Niliitaka tangu siku ile."

"Lakini nilikuuliza mara mbili."

"Nilikuwa nasubiri ya tatu."

Yule mama akaweka tufaha chini. Shokufeh akamweleza. Sijui kama alielewa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesimuliwa habari za sayari nyingine. Mwishowe akasema kwamba amekwisha kumwandikia mwombaji mwingine, kijana kutoka Vancouver, na yule amepewa mpaka Jumatatu ajibu.

"Siwezi kumnyang'anya."

"Usimnyang'anye," Shokufeh akasema. "Ila nataka ujue mimi ni bora kuliko yeye."

Mimi niliyesimama mlangoni nilitamani ardhi ya Marvdasht inimeze. Kwetu hata mfalme hasemi hivyo. Lakini mtoto alishatoa simu, akaonyesha picha: baba yake amesimama kando ya lile bomba, amenyoosha mkono juu, na mkono haufiki mdomo wake. "Huyu kijana atakuja kuyasoma haya kwako. Mimi nimeyapima kwa mikono yangu. Nataka kuyamaliza."

Profesa aliitazama picha muda mrefu. "Ungeniambia hivi siku ile," akasema, "ningekuwa sijamwandikia mtu." Akatuahidi Jumatatu, hakuahidi zaidi.

Nyumbani, Jumamosi na Jumapili zilikuwa kama msiba. Bahador alikwenda dukani hata Jumapili, siku ambayo huwa hafungui.

Jumatatu alasiri simu ikalia kwenye kaunta ya daktari wa meno. Yule kijana wa Vancouver amepata chuo cha karibu na kwao. Shokufeh anasema profesa hakuwahi kumaliza swali. Aliposema tu, "Basi, je, ungependa," yeye akajibu "Ndiyo!" kwa sauti iliyomfanya mgonjwa mmoja afumbe mdomo kwenye kiti.

Ijumaa iliyofuata nilipika. Samaki, wali wa mboga za majani, na ukoko wa zafarani, mwekundu, mzima, uliotoka kwenye sufuria bila kuvunjika. Kwetu ukoko ndio unaopiganiwa, wali ni kisingizio. Wageni walikaa, na kabla hata samaki hajafika mezani nikamsikia mume wangu akimwambia mmoja wao, "Nilimwambia Shokufeh, na hawa watu ni lazima uwe na msimamo." Yule mgeni akashangaa kwa adabu.

Nikavunja ukoko. Nikampelekea Bahador sahani kwanza, maana ndiye mwenye nyumba.

"Hapana, hapana," akasema, mkono kifuani. "Wape wageni."

"Haya," nikasema, nikaipeleka sahani kwa jirani yake.

Mgeni yule aliyekuwa akishangaa kwa adabu sasa alishangaa kweli. Sahani ikazunguka, kila mtu akikataa mara mbili tatu huku akimtupia Bahador jicho la huruma, mpaka ikafika kwa Shokufeh. Yeye hakukataa hata mara moja. Alichukua pande kubwa kuliko yote, akaling'ata palepale, likalia kama tawi kavu. Sahani ikanirudia na kipande kimoja tu. Nikakiweka mbele yangu.

Bahador alikuwa akitazama sahani yake tupu. Majigambo yote yalikuwa yamemtoka, amebaki mzee mwenye vidole vilivyochanjwa na vigae.

"Mahrokh," akasema polepole, wageni wakajifanya hawasikii. "Mimi pia nilikuwa naitaka."

Hakuwa akisema habari za ukoko.

"Najua," nikamwambia. "Lakini ulisema hapana."

Akanyoosha sahani yake kwangu kwa mikono miwili. Nikakivunja kipande changu, nikampa nusu.