Zawadi ya Kutazama Gari

Taalai ndiye aliyemuuzia Burulcha, dada wa mkewe, gari jipya, na sasa amepanda mpaka milimani kulitazama. Kwao, anayekuja kutazama kitu kipya hutoa zawadi. Taalai akatoa kitambaa cha kichwani.

Burulcha akafungua buti kwa kishindo. "Shemeji, spea iko wapi? Na jeki?"

"Magari ya siku hizi hayana. Si umepewa dawa ya kuziba pancha?"

"Dawa! Mawe ya huku yanachana tairi kama karatasi, we unaniambia dawa? Kitambaa kampe mkeo. Mimi nataka spea na jeki, la sivyo gari hulitazami!"

Taalai akaliendea gari lake, la aina ile ile, akafungua buti, akatoa spea na jeki.

"Ahaa! Kumbe dawa ni ya kutuuzia sisi!"