Inalia au Inaonyesha Tu?

1.
Ujumbe wa simu. Adventina wa Kabuhinzi, kando ya Ziwa Viktoria, kwa muuzaji wa vifaa vya boti, Mwanza:

Habari za kazi. Nahitaji mashine ya kutafuta samaki, ya kufunga kwenye kayaki ya watu wawili. Mume wangu anauliza, inalia au inaonyesha tu?

2.
Nzuri dada, karibu. Nakushauri uchukue ya inchi tisa. Kioo cha kugusa, rangi zote, ramani ya ziwa imo ndani. Samaki unamwona kama mmekaa naye sebuleni. Ila kulia kwa nini?

3.
Haoni.

4.
(Muuzaji anaandika. Anaacha. Anaandika tena. Anaacha.)

5.
Wewe unayesoma, subiri kidogo nikueleze, maana muuzaji naye nilimweleza hivi hivi.

Projestus wangu alivua miaka ishirini na sita. Presha ya macho ikaanza na jicho la kushoto, ikamalizia na la kulia. Miaka miwili sasa anakaa barazani na redio. Hagombi, halalamiki, na hilo ndilo lililokuwa likinitisha.

Kayaki niliinunua mimi, hoteli ya pale ng'ambo ilipofungwa. Ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, rangi ya chungwa. Navushia miche ya kahawa kwenda shamba la upande wa pili wa ghuba, basi.

Siku moja natoka jikoni namkuta ameipapasa hadi ameipata, uani, amekaa ndani yake. Kasia mkononi. Anapiga kasia kwenye nyasi. Kushoto, kulia, taratibu, kama mtu anayekwenda mahali.

Nikarudi jikoni. Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

6.
Yaliyoandikwa nyuma ya kalenda, Projestus akisema, Adventina, mama wa Jovina, akiandika:

Kioo cha kugusa, hapana. Kidole changu kitajuaje kimegusa nini.
Vitufe, ndiyo. Viwe vimetuna.
Ramani ya nini? Niulize mimi.
Inchi nne zinatosha, na hizo ni zako Mama Jovina, mimi hazinihusu. Kioo kidogo kinakula umeme kidogo.
Samaki mdogo ilie hivi, mkubwa ilie vile.
Rangi: (akacheka. Nimeandika "akacheka" kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu Pasaka.)

7.
Muuzaji alipiga simu mwenyewe.

"Mzee yupo? Nimewasha ndogo yenye vitufe. Nimeiweka kwenye hali ya majaribio. Sikiliza, huyu ni mdogo."

Ti.

"Na huyu mkubwa."

Ti-ti-tiii.

Mume wangu alikuwa ameinamia simu kama anainusa.

"Hiyo," akasema.

8.
Sasa niseme mimi, Projestus.

Mashine ilikuja na basi, bila betri. Mama Jovina akataka kumwita fundi. Nikamwambia fundi anafunga kwa macho, akiondoka mimi sitajua kilichofungwa.

Betri ya pikipiki niliikataa. Kayaki ikipinduka, ile tindikali itatufuata hadi ndani ya nguo. Nikakumbuka lile bomba la kunyunyizia kahawa dawa. Ndani lina betri ya volti kumi na mbili, imezibwa kabisa, hata ukiilaza haimwagi. Saizi nane, maana yake inatoa ampea moja kwa saa nane. Mashine yenyewe haifikishi nusu ampea. Hata betri nikiitumia nusu tu ili isife mapema, asubuhi nzima tunayo.

"Na kahawa?" akauliza.

"Kahawa asubuhi haina haraka. Tukirudi tunairudisha kwenye bomba."

"Ukiiua hiyo betri, Baba Jovina, utanyunyizia kwa mdomo."

Mama Jovina akanishikisha waya mwekundu, nikaupiga fundo niujue kwa vidole, mweusi nikauacha. Fyuzi nikaiweka kwenye mwekundu, karibu na betri. Betri ndani ya ndoo ya rangi ya lita nne, mfuniko nikautoboa tundu moja la kupitisha waya, nikalijaza gundi ya silikoni. Kile kidude kinachopeleka sauti majini tukakifunga kwenye mti wa fagio, ubavuni, kizame kidogo.

Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya vilevile.

Nikafungua ndoo, nikapapasa vichwa vya betri. Vina unga. Ule unga wa kijani, akasema yeye. Nikakwangua kwa kisu, nikafunga upya.

Ti.

9.
KAMATI YA MWALO WA KABUHINZI
FOMU YA CHOMBO KIPYA

Aina ya chombo: Kayaki, plastiki
Nahodha: Adventina Rwegasira
Makoti ya kujiokolea: Mawili, yamekaguliwa
Mtu wa pili: Projestus Rwegasira
Je, mtu wa pili anaona? Hapana
Kazi ya mtu wa pili chomboni: Kusikiliza

Maoni ya Katibu: Fomu haina kipengele cha kukataa jambo hili. Imepitishwa. Wasivuke mawe ya ghuba.

10.
Yaliyosikika ufukweni, Jumamosi, saa moja asubuhi:

— Huyo si Projestus?
— Ndiye.
— Na hiyo ndoo ya rangi?
— Wanasema ndiyo injini.
— Injini ya nini, wakati mkewe anapiga kasia?
— Nyamaza, wanapita. Shikamoo mzee.
— Marahaba. Ndoo ina betri.

11.
Mita tatu, nikamsomea mume wangu kina kwenye kioo. Mita nne.

Ti. Ti. Ti ti ti ti ti

ti ti

ti

"Ni nini hiki?" nikauliza.

"Dagaa. Au majani. Inalia kila kitu, kama mtoto mgeni." Akabonyeza vitufe akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu kulia, chini. Wadogo wakanyamaza.

Kila kitu kikanyamaza.

Mita sita. Nane. Nilipiga kasia hadi mabega yakawaka. Jua likapanda. Nikaanza kutunga maneno ya kumfariji tukirudi, na yote yalikuwa mabaya.

"Geuza kulia," akasema.

"Haijalia."

"Maji yamebadilika chini yetu, hapa yanagonga ubavu kwa uzito. Kuna mtelemko. Geuza."

Nikageuza. Tisa. Kumi na moja. Kumi na nne.

Ti-ti-tiii.

Hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshashusha mshipi, vidole vinahesabu urefu. Mgongo wake, jamani. Miaka miwili nimeuona umepinda kwenye kiti, na sasa umenyooka mbele yangu.

Mshipi ukakaza.

Kayaki ikageuka yenyewe, pua ikaelekea kusini, ikaanza kuvutwa. Ndoo ikagonga goti langu. Nikaacha kupiga kasia, halikuwa na kazi tena. Projestus anacheka, anaachia, anavuta, anaachia. Maji mbele yakafunguka na ubavu mkubwa ukang'aa juu, mara moja, ukazama.

Nilimwona. Nilimwona vizuri kabisa, mkubwa kuliko—

"Baba Jovina, ni—"

"Usiniambie," akasema. "Bado naongea naye."

Nikashika ukingo kwa mikono miwili.

Tukavutwa.